Aliyeuliza Swali Moja

Jumatatu, 3 Juni

"Katika masanduku yote ya karatasi za marehemu Profesa, hakuna mwanamume hata mmoja aliyesifiwa kwa kumwelewa."

Ndivyo alivyoandika Mhadhiri wa chuo cha Profesa gazetini leo, tena kwenye ukurasa uleule ambao safu yangu hutoka kila Ijumaa. Uongo mtupu. Mimi je? Nilianza kutetea haki za wanawake kwa kalamu hii yeye akiwa bado anafungwa kamba za viatu. Vitabu vya Profesa, mama wa ukombozi wa wanawake, nimevisoma vyote, vingine mara mbili.

Jumamosi chumba cha karatasi zake kinafunguliwa rasmi pale chuoni, na Mhadhiri ndiye atakayehutubia. Nitaingia kabla yake. Nitajitafuta humo masandukuni, nijipate, nimwumbue mbele za watu.

Nimemwambia Mama Watoto. Akauliza kama kikombe nimemaliza. Nikamwambia niko vitani. Akakichukua.

Jumanne, 4 Juni

Aibu ya kwanza.

Mtunza nyaraka, binti wa sauti ya chini na macho ya hakimu, kasema wiki hii wanaingia ndugu tu. Nikasema mimi ni mpwa wa marehemu. Limenitoka tu. Kumbe yule mama aliyekuwa pembeni akipanga picha ni mdogo wake Profesa. Akavua miwani.

"Tulizaliwa wawili tu," akasema. "Ukiwa mpwa wake, basi mimi ndiye mama yako. Mbona uchungu wako siukumbuki?"

Nilitamani kuingia ndani ya sanduku nifungiwe. Hakunifukuza. Alisema mtoto mwema humsaidia mama yake mizigo. Nimepandisha masanduku kutoka ghorofa ya chini mpaka wanafunga. Mgongo sina tena. Kwa malipo, kesho naruhusiwa kusoma sanduku moja.

Jumatano, 5 Juni

Mtunza nyaraka kaninyang'anya kalamu mlangoni. Mle ndani ni penseli tu. Mimi, wa penseli!

Sanduku langu ni la kadi. Kumbe kila alipotoka mkutanoni Profesa alikuwa akiandika kadi moja, na sasa kila kadi imevishwa mfuko wake wa plastiki. Nikapekua mpaka macho yakaniwasha. Nikaipata! Ni ya ule mkutano wa ukombozi nilioenda na Mama Watoto, ndoa yetu ikiwa bado mbichi. Nimeinakili neno kwa neno:

"Mwandishi wa safu ya Ijumaa kaja na mkewe. Mmoja kazungumza mpaka chai ikapoa. Mwingine kaniuliza swali moja tu, nikarudi nyumbani nikafuta sura nzima ya kitabu. Anayenielewa ni huyu."

Huyu! Yaani mimi! Maskini Mama Watoto, kumbe siku ile alipayuka kiasi hicho. Sikumbuki, lakini Profesa hakuwa mtu wa kusingizia. Nyuma ya kadi kulikuwa na maandishi mengine. Sikuigeuza. Nilichokitaka nilishakipata.

Ijumaa, 7 Juni

Safu imetoka, kadi nzima ndani yake. Mhadhiri nimempelekea ujumbe kwamba kesho asisahau leso.

Jana Mama Watoto ndiye aliyeichapa, kama kawaida, maana vidole vyangu ni vizito. Alipofika kwenye maneno ya kadi akasimama. Akaniuliza aliyezungumza mpaka chai ikapoa ni nani. Nikamjibu kwa upole kwamba simlaumu, kila mtu ana siku yake ya kujisahau. Akaendelea kuchapa. Hakukosea hata herufi.

Nikamuuliza kama analikumbuka lile swali langu, maana mimi limenitoka. Akasema swali analikumbuka vizuri sana. Nikamwambia basi anikumbushe. Akasema kesho nikiulizwa nitakumbuka mwenyewe.

Mke wangu ana imani nami jamani.

Jumamosi, 8 Juni

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi ulijaa. Mhadhiri alipomaliza tu nikasimama, nikaisoma kadi kwa sauti yangu ya mikutano. Makofi. Mhadhiri hakuwa na haraka. Akauliza, kwa adabu, swali lenyewe lilikuwa lipi.

Nikasema lilihusu misingi ya kifalsafa ya ukombozi. Nikaieleza hiyo misingi. Nikaeleza mpaka watu wa nyuma wakaanza kutazama saa. Mtunza nyaraka akatoka, akarudi na kadi, akampa mdogo wake Profesa. Yule mama akaigeuza, akasogea kwenye kipaza sauti.

"'Aliniuliza,'" akasoma, "'Profesa, vikombe vya mkutano huu wa ukombozi ataviosha nani? Mumewe hakumsikia. Alikuwa bado anaongea.'"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika viti. Mhadhiri hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mama Watoto alikuwa kiti cha mbele. Uso wake nilishindwa kuutazama. Nikatazama mikono, mikono ileile iliyochapa uongo wangu bila kukosea herufi.

Yule mama akamuuliza kama jibu lilipatikana.

"Jibu bado," Mama Watoto akasema. "Leo nimeviacha mezani."

Mpaka nafika mlangoni, makofi yake yalikuwa hayajaisha. Yangu sasa naona yalikuwa ya heshima tu.

Jumapili, 9 Juni

Mama Watoto ameondoka asubuhi. Wamemwomba aandike utangulizi wa kadi za Profesa. Sikuulizwa mimi, mwandishi.

Nimeona haya mpaka uso umechoka. Lakini nimetafakari, na kosa nimeligundua. Kosa ni la lugha. "Huyu"! "Mwingine"! Mwanamume atajuaje kama anasemwa yeye au mkewe? Wanasarufi watanisikia wiki ijayo.

Kwa sasa nimeandika safu kali kuliko zote. Nimeiandika kwa mkono, tena kwenye kona ya meza, maana kwingine kote kumejaa vikombe. Mama Watoto akirudi ataichapa, akishaniwekea chai. Inamalizika hivi:

Wanaume wenzangu mnaosoma safu hii, inukeni sasa hivi hapo mlipokaa, nendeni jikoni, mkaoshe vikombe vyenu. Msimsubiri mtu arudi.