Filimbi ya Sikio la Kushoto

Jumatatu, 6 Mei
Sikio la kushoto bado linapiga filimbi. Haipumziki! Mimi ni fundi wa spika. Nikijaribu kazi ya mteja sijui kinacholia ni spika au ni mimi. Daktari wa masikio amesema ipo tiba: mashine ya kupitisha umeme mdogo, uliopimwa, huku unasikilizishwa sauti. Si wote hupona, kasema. Na foleni ni ndefu. Foleni ya umeme! Kwani mimi nauza vitunguu?

Jumanne, 7 Mei
Nimeanza kuunda yangu. Hedifoni kuukuu, nyaya, sponji mbichi. Mke kauliza ni nini. Nikasema redio ya mama yake. Kinyozi wa mlango wa pili kachungulia, kacheka, kaahidi kuninyoa bure siku ya mazishi. Kijicho tu.

Jumatano, 8 Mei
Nimejaribu. Mwanzo, kimya. Nikaongeza kidogo. Radi! Nikajikuta chini ya meza, mdomoni ladha ya msumari. Sasa na sikio la kulia linalia. Si haba: yameacha kubaguana.

Alhamisi, 9 Mei
Nilitoka kununua fyuzi. Kurudi, mama mkwe kakalia kiti changu, hedifoni kichwani! Kaja kuchukua redio yake. Kidole ki juu ya swichi. Nikapiga kelele, "Mama, usiguse!" Atasikiaje, masikio yamezibwa? Akanitabasamia. Kati yetu, meza na rundo la spika. Mke akatokea mlangoni, akauliza polepole, "Baba watoto, ile ni redio kweli?" Kidole kikashuka. Nikaruka spika, nikaanguka, nikauvuta waya wa ukutani kwa meno na kucha. Swichi ikasema tik.
Kimya.
Mama mkwe akavua hedifoni, akasema redio mbovu na fundi wake vilevile. Mke akauliza nyundo iko wapi. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Ijumaa, 10 Mei
Mke kaiponda mashine kwa nyundo; nyaya tu zimepona. Kaniapisha mbele ya mama yake: masikio yangu nimwachie daktari, foleni iwe ndefu iwavyo. Nimeapa, tena kwa machozi. Jioni kinyozi kaja kwa kunyata, shavu limevimba kama andazi. Jino. Kauliza, kwa sauti ya chini, kama umeme wangu unachagua kiungo.
Nimekitafakari kiapo neno kwa neno. Kinataja masikio tu.
Nimemwambia aje kesho, na asile kitu.