Kidole Changu Ndani ya Fuwele ya Koku

Jamani, kesho sijui naingiaje kazini. Leo nimeumbuka mchana kweupe, mbele ya kidato cha sita!

Nafundisha Kemia hapa Nyaishozi. Leo tulikuwa na mgeni, Koku, mtoto wa kijiji cha Nyakatuntu niliyesoma naye sekondari. Siku hizi ni mtafiti wa fuwele, kama zile punje za chumvi na sukari, chuo kikuu. (Enzi zile alikuwa ananiomba nimsaidie hesabu. Haya, ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa namwomba.)

Alieleza vizuri mpaka nikasahau kwamba mwalimu ni mimi. Kuna fuwele, alisema, ambazo tabaka zake zimejikunja na kuzungukana, kiasi kwamba ukianza kutaja atomu moja moja utazeeka. Yeye hahangaiki. Anachukua uso mmoja wa kihisabati, uliopinda kila mahali, na atomu unazikuta zimejipanga juu yake. Basi! Mimi mdomo wazi.

Kisha akatoa mfano wa uso huo, wa plastiki, alioupakata kwenye basi tangu Bukoba. Mkubwa kama boga, umejaa matundu. Ukuta wake upande mmoja mwekundu, upande wa pili mweupe.

"Hivi ni vyumba viwili vilivyopeana mgongo," akasema. "Vinazungukana, lakini havikutani popote."

Hapo ningenyamaza. Sikunyamaza.

"Dokta, tundu ni tundu! Kidole kikiingilia kwenye wekundu, mbele ya safari kitatokea kwenye weupe."

"Hakitatokea, Mwalimu."

"Kitatokea!"

Nikaingiza. Kikapita kona. Nikasukuma kidogo. Kikagoma. Kuvuta, wapi!

"Mwalimu, kimenasa?" akauliza binti wa dawati la mbele.

"Nachunguza." (Jasho hilo!)

Koku akaninong'oneza, "Nakuomba usiuvunje. Sina mwingine."

Mkuu wa shule akaingia wakati huohuo. Nikasimama.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Mwalimu." Akanyoosha mkono. Nami kwa mazoea nikanyoosha wa kulia. Akajikuta ameshika boga la plastiki!

Darasa lote chali kwa kicheko. Uso uliopinda sasa ulikuwa wangu.

Koku tu ndiye ambaye hakucheka. Akaninyanyua mkono juu, kila mtu aone.

"Tazameni. Aliingilia kwenye wekundu, na bado yuko kwenye wekundu. Hata angekuwa na kidole kirefu kama mgomba, weupe asingeufikia."

"Aaaah!" Darasa zima. Na mimi pia, kidole kikiuma hivyohivyo, nikaona uzuri wa ule ukuta. Huyu dada ni hatari!

Mpishi wa shule ndiye aliyeniokoa kwa mafuta ya kupikia. "Maawe, Mwalimu! Pole." Kidole kikatoka kimevimba. Mfano wa Koku haukupata hata mkwaruzo.

Somo limeeleweka kuliko yote niliyowahi kufundisha, na kifaa cha kufundishia nilikuwa mimi. Tukikutana mjini Omurushaka, tafadhali, niulizeni habari za kahawa tu.