Nungunungu Wenu Ataniharibia Kazi

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi vya Watoto,

Mheshimiwa, natumaini wewe na katuni zako zote hamjambo. Mimi ni Mutsinzi, fundi cherehani wa mtaa wa Batsinda, baba yake Ihirwe, mwenye miaka saba. Nakuandikia kwa heshima kuhusu yule nungunungu wenu anayesimamisha miiba kila akisikia uongo. Binti yangu anamwiga: huinua vidole vyote kumi juu ya kichwa, kimya. Afadhali angesema.

1. Jumatatu mteja wangu Claudette alifuata umushanana wake, lile vazi la sherehe, wa kuvaa harusini. Nikamwambia, "Dada, bado kupigwa pasi tu." Vidole vikapanda. Claudette akacheka: "Haya fundi, nione hiyo pasi." Nikamtolea kitambaa, kimekunjwa vilevile alivyokileta. Ninyi mna elimu, niambieni: fundi asiyesema "njoo kesho" anafanyaje kazi?

2. Mke wangu Winifred aliniuliza kama maharage yamekolea. Sitaki kueleza zaidi. Siku hizi najipikia.

3. Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, baada ya kuzibua mitaro, tulikaa kikao. Mkuu wa mudugudu, yaani kitongoji chetu, akauliza mbona mwezi uliopita sikuonekana. Nikashika kiuno, nikasema kiliniuma. Vidole! Kisha mkuu mwenyewe akaahidi kwamba taa ya njiani itawaka "wiki ijayo", na watoto kumi na wanne wa mtaani, watazamaji wenu wote, wakainua mikono pamoja, kama shamba la mananasi. Kikao kiliisha kwa dakika sita. Je, itakuwaje wakifika kanisani, padri akiuliza nani alifunga Kwaresima yote?

Kwa hiyo naomba nungunungu aondolewe. Ikishindikana, basi awe kiziwi. Cherehani hii ndiyo inayotulisha nyumbani. Claudette akiwasimulia wenzake, nimekwisha.

Nisalimie wachoraji, wanaomtia sauti na walinzi wa mlangoni. Majirani zangu wote wanawasalimu, isipokuwa watoto, ambao wanawapenda mno.

Wako katika taabu ya kusema kweli,
Mutsinzi, fundi

N.B. Sijafunga bahasha, na Claudette amekwisha kuwasimulia wenzake. Leo asubuhi amekuja na dada zake wanne. Wanasema wanataka fundi asiyeweza kuwadanganya hata akitaka. Basi mwacheni nungunungu, tena mwongezeeni siku za kuonyeshwa. Ila nawasihi, msimtangaze sana huko mtaa wa Gitega: mafundi ni wengi, na watoto wao bado hawajamwona.