Kipanya Kilichofufuka

Dokta Waya aliingia kwenye duka la uchapaji kutoa nakala ya cheti ambacho hata hakikuwa chake. Kabla zamu yake haijafika, alikuwa ameshapata mpango.

Kompyuta ya dukani, iliyoachwa kidogo bila kuguswa, ilikuwa imelala. Mchapaji alipoiamsha, kioo kiliwaka vizuri, lakini kipanya na kibodi vikabaki kimya kama wageni wasiojua lugha. Ikabidi achomoe waya kwenye matundu yake, achomeke, apulize, achomeke tena, ndipo viamke. Mwenye duka, shemeji wa mchapaji, aliyemwoa dada yake, akalalamika kwamba mashine ile itamzeesha kabla ya wakati.

Dokta Waya akajitambulisha kuwa fundi wa kompyuta. Akaomba dakika moja, akafungua kidirisha fulani cha mipangilio, akatazama, akatabasamu, akakifunga. Kisha akavaa uso wa msiba.

"Bosi, pole sana. Hii inaitwa ganzi ya matundu. Ikilala, inaamka nusu. Leo kipanya, kesho moyo."

Akaeleza kwamba ugonjwa huo hauna dawa popote. Ila kwa huruma aliyozaliwa nayo (tusimame kidogo kwa heshima ya huruma hiyo), alikuwa tayari kuibeba maiti pamoja na printa yake, na kumwachia bosi laptopu yake mwenyewe, nyembamba kama daftari. Hakusema kwamba betri yake ilikuwa imebakiza chaji ya muda wa kikombe kimoja cha chai, na kwamba ilishagoma kupokea nyingine.

Shemeji alianza kuwaza kwa sauti. Kwa kitu kama hicho angechapa kazi za watu akiwa kitandani, duka akalifunga. Mchapaji wa nini tena? Mchapaji, ambaye kiti kile ndicho kilichomlisha yeye na mama yake, alisikia kila neno.

"Shemeji, na kama haiumwi?" akauliza.

Dokta Waya akacheka kwa madaha. "Dada yangu, ilaze, iamshe. Kipanya kikitikisika hata mara moja, naacha hapa kila kitu nilichokuja nacho."

"Basi tuandikiane."

"Andika. Mimi naogopa karatasi?"

Wanaume wakatoka kibarazani, Dokta akionyesha jinsi laptopu inavyofunguka kwa kidole kimoja. Ndani, mchapaji akachapa mkataba. Halafu akakumbuka lile tabasamu. Mtu hatabasamu mbele ya maiti bure. Na kwa kuwa vidole ndiyo kazi yake, alikuwa ameona vidole vya Dokta vilikopita. Akakifungua kidirisha kilekile. Kwa kila tundu palikuwa na alama ya vema, kwenye maneno yanayoiruhusu kompyuta kulikatia tundu umeme ili kuokoa matumizi. Kumbe haikuwa ganzi, ulikuwa ubahili. Akaziondoa alama zote, moja baada ya nyingine, kisha akautoa mkataba kwenye printa.

Dokta aliutia saini yenye mikia mitatu bila kuusoma. Maisha yake yote aliwategemea watu wasiosoma wanachotia saini. Hakuwahi kufikiri kwamba na yeye ni mtu.

Kompyuta ikalazwa. Wakasubiri wameinamisha vichwa kama wafiwa. Ikaamshwa. Kipanya kikawaka taa nyekundu chini ya tumbo, na mshale ukazunguka kioo kizima kama bwana harusi.

Dokta akasema ni bahati tu. Ikalazwa tena, na ilipoamka, kibodi ikaandika kwa herufi kubwa: KARIBU TENA.

Mchapaji akausoma mkataba kwa sauti ya mahakama: laptopu, begi na vilivyomo, bisibisi, koleo, na koti la kazi lenye neno FUNDI mgongoni. Dokta akamgeukia shemeji, amtetee mwanamume mwenzake. Shemeji alikuwa ameshalivaa koti.

Haukupita muda wa kikombe cha chai, laptopu ikazimika mikononi mwake, isiwake tena. Shemeji akauliza kwa sauti ndogo wafanyeje sasa.

"Kwanza vua koti," akasema mchapaji.

Kesho yake alilivaa yeye, na mlangoni pakabandikwa karatasi: HAPA TUNAAMSHA KOMPYUTA NA VIFAA VYAKE. Foleni ilifika kwa muuza magazeti.

Dokta Waya aliondoka na ulimi wake tu, tena salama. Mchapaji alisahau kuuandika, na hilo ndilo kosa pekee katika mkataba mzima.