Utafiti Juu ya Mgongo Wangu

Jumatano, 2 Julai

Zimebaki siku kumi na saba. Leo nimefanya jambo lisilomfaa mtu wa elimu yangu: nimejibu kwa hasira kabla ya kufikiri. Sijutii. Au, niseme kwa uangalifu zaidi, bado sijapata sababu ya kutosha ya kujuta.

Ilikuwa kwa fundi cherehani, kipimo cha kwanza cha gauni la harusi. Wifi alikuwepo. Ni dada wa mchumba wangu, anauza vipodozi, na ana mgongo laini kama sahani ya kauri. Najua, kwa sababu haujawahi kufunikwa. Fundi akauliza nyuma tushone vipi. Kabla sijafungua mdomo, Wifi akamwagiza afunike mpaka shingoni.

"Wifi yangu huyu ni mtu wa vitabu," akasema. "Uzuri wake uko kichwani, si mgongoni."

Wakacheka. Nami nikacheka. Kisha nikasikia sauti, yangu mwenyewe, ikimwambia fundi aache mgongo wazi mpaka kiunoni.

Mgongo wangu una makovu ya chunusi tangu nikiwa na miaka kumi na mitano. Kule bwenini wasichana walinihesabia bafuni kwa sauti, kama wanaosoma jedwali la kuzidisha. Walifika arobaini na mbili, maji yakakatika. Tangu siku hiyo, miaka kumi na tisa ya kola. Hata mchumba wangu hajauona. Ni daktari wa meno. Amezoea watu kumfunulia kila kitu. Anadhani mimi husikia baridi.

Harusi ni tarehe 19. Mgongo utakuwa tayari. Kinachohitajika ni mbinu tu, na mbinu za utafiti ndizo ninazofundisha chuoni.

Ijumaa, 4 Julai

Kwa daktari wa ngozi. Mama mpole, mwandiko unasomeka, jambo lililonipa imani. Alisema makovu hayafutiki kwa wiki mbili. Krimu yake itapunguza weusi kidogo, taratibu, mradi nisiongeze kitu kingine. Nikamwomba ushahidi wa sharti hilo la mwisho. Akanijibu kwamba ushahidi ni miaka ishirini na miwili ya kuwapokea walioongeza kitu kingine.

Hizo si takwimu. Hizo ni simulizi.

Nimechora mpango wangu. Ukiutazama bila hisia, mgongo wa binadamu ni uwanja wa majaribio uliokwisha kupimwa: nusu mbili zinazolingana, uti katikati kama mpaka. Nusu ya kushoto, krimu ya daktari. Nusu ya kulia, mchanganyiko niliobuni mwenyewe: ndimu, papai bichi, asali, chumvi iliyosagwa. Juu ya uti wenyewe, hakuna kitu, kwa ajili ya ulinganisho. Ngozi ni moja, chakula ni kimoja, usingizi ni mmoja. Wenzangu wa idara ya kemia hawajawahi kupata usawa kama huu.

Huenda ninajisifu mapema. Lakini mpango ni mzuri.

Jumamosi, 5 Julai

Kikwazo cha kwanza: mikono yangu haifiki. Nimenunua brashi ya rangi yenye mpini mrefu. Muuzaji aliuliza ninapaka ukuta gani. Nikamjibu wa nyuma. Akanishauri nipige mikono miwili, wa kwanza ukauke ndipo wa pili. Ushauri wa bure, nimeupokea.

Kikwazo cha pili: mama yangu. Alisimama mlangoni akauliza harufu ya nini. Nikamwambia ya utafiti. Akautazama mgongo, akaitazama brashi.

"Mtu hujikuna ajipatapo, mwanangu. Huko usikojipata, nipe mimi nikupake."

Nilimkatalia kwa heshima. Mpakaji anayempenda mpakwaji huharibu matokeo. Akaenda zake, akasema kwamba alinisomesha kwa hiari yake na hana wa kumlaumu.

Kila asubuhi saa moja nitasimama mahali palepale, mgongo kwenye kioo cha kabati, simu juu ya bega, na kuupiga picha mgongo wangu ndani ya kioo. Nuru ileile, umbali uleule. Sioni dosari.

Jumatano, 9 Julai

Matokeo ya awali. Nimeziweka picha tano kwa mstari na kuzitazama kwa kadiri ya ubaridi ninaoweza. Upande wa kulia unang'aa. Weusi unapungua, ngozi imetulia. Upande wa kushoto, ule wa krimu ya daktari, umefubaa na una mabaka mekundu.

Mchanganyiko wangu unashinda!

Nakiri siku nne ni chache. Nakiri pia kwamba mshindi namjua na ninamtakia mema. Kuna pia jambo moja lisilokaa sawa: bega linalowasha ni la kulia, lile linaloonekana zuri pichani. La kushoto halinisumbui kabisa. Nimetafakari muda mrefu. Nadhani kuwasha ni namna ya kupona. Ngozi inayofanya kazi husikika, kama mwanafunzi anayeelewa anavyouliza maswali.

Maelezo haya yananiridhisha kupita kiasi. Nitayarudia baadaye.

Ijumaa, 11 Julai

Kipimo cha pili. Fundi cherehani alinizunguka na pini zake mdomoni, kisha akasimama nyuma yangu.

"Mwalimu, huku kushoto kumetulia vizuri. Huku kulia kuna nini?"

Nikamweleza, bila dharau, kwamba watu wengi huchanganya kushoto na kulia wanapomtazama mwingine, kwa sababu kila mtazamaji hujifanya yeye ndiye kipimo. Nikataja mifano mitatu. Nikamchorea kwa chaki yake mezani. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoa pini mdomoni.

"Haya, mwalimu. Mimi nina miaka thelathini nawatazama watu kwa nyuma. Lakini haya."

Nilitoka pale nikimhurumia kidogo. Njiani nikawa na shaka. Nilipofika nyumbani nikafungua picha, nikaziona, na shaka ikaondoka. Picha haina miaka thelathini wala pini mdomoni. Picha haina maoni.

Nimeamua. Kuanzia kesho, mchanganyiko wangu mgongo mzima. Kuendelea kuinyima nusu moja tiba iliyothibitishwa ni kinyume cha maadili ya utafiti.

Jumamosi, 12 Julai

Mikono miwili, kama alivyoshauri muuzaji wa rangi. Kisha barazani, mgongo kwenye jua, kwa muda wa saa mbili kamili, ili ndimu ifanye kazi kwa kasi. Muda sikuupoteza, nilisahihisha sura ya nne ya tasnifu ya mwanafunzi wangu. Pembeni nikaandika: mtahiniwa ameharakisha hitimisho.

Jumapili, 13 Julai

Sijalala. Siwezi kuegemea kiti. Siwezi kuvaa kitu. Naandika nimesimama, daftari juu ya friji, mgongo ukiwaka kama pasi.

Asubuhi nilipiga picha kama kawaida, maana nidhamu ni nidhamu. Nikaikuza kuona ukubwa wa madhara. Nyuma ya bega langu, pichani, kuna kalenda ya ukutani. Nikajaribu kuisoma. Haikusomeka. Jumapili ilikuwa mwisho wa mstari badala ya mwanzo, na namba zote zilikuwa zimegeuka, kama zimeandikwa na mtu anayetembea kinyumenyume.

Nikaigeuza simu juu chini. Nilitamani iwe na maana nyingine.

Picha ya mgongo ndani ya kioo si mgongo. Kushoto kwa picha ni bega langu la kulia. Kwa siku saba upande uliokuwa ukipendeza ni wa krimu ya daktari. Upande uliokuwa ukiharibika ni wangu. Na jana, kwa maadili ya utafiti, nikauchukua upande uliopona nikaupaka mchanganyiko unaochoma, mara mbili, kisha nikauweka juani.

Bega lilikuwa likiniambia. Fundi aliniambia. Nami nikamchorea kwa chaki.

Jumatatu, 14 Julai

Daktari wa ngozi aliutazama mgongo wangu. Kisha akaniuliza kama niliongeza kitu kingine. Nikamwambia kwamba kwa hakika niliongeza vinne. Alisema ndimu na jua ni maadui na mimi ndiye niliyewakutanisha. Ngozi itabambuka. Jumamosi ya harusi haitauma sana, lakini alama zitakuwa nyeusi kuliko zilivyowahi kuwa. Amenipa marhamu ya kulainisha. Nisiongeze kitu.

Nimeahidi. Nilimaanisha.

Jumanne, 15 Julai

Habari hazina miguu lakini hufika. Wifi amepiga simu, sauti imejaa asali. Amesikia kwa fundi. Ana kitambaa chepesi cha kufunika mabega, rangi ileile ya gauni, na ni zawadi. Hakuna atakayejua, alisema. Kisha akasema tena, hakuna.

Nilimshukuru. Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri kwa muda wa kukata simu.

Tatizo halikuwa Wifi. Kitambaa kilikuwa wazo zuri. Ningekuwa namshauri mtu mwingine, ningemwambia akubali. Lakini nilijiona nikitembea katikati ya ukumbi, nikiwa na miaka thelathini na minne, nimejifunika tena, mara hii mbele ya watu mia mbili na mpiga picha. Mama alikuwa akinipaka marhamu. Safari hii nilimruhusu. Sina tena matokeo ya kuharibu.

"Mgongo ni wako," akasema, "lakini hujawahi kuutazama. Wanaoutazama ni sisi. Na sisi tulishauzoea."

Hoja haina ushahidi. Nimeiandika hapa kwa sababu nyingine, ambayo bado sijaijua.

Jumatano, 16 Julai

Nimemwita mchumba wangu. Ilibidi. Nilitaka auone kabla ya watu mia mbili. Mama akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli jikoni. Nikamgeuzia mgongo, nikashusha kanga, nikamweleza kila kitu nikiwa nimeutazama ukuta: Wifi, nusu mbili, brashi, kioo, ndimu. Nilieleza kwa mpangilio. Utangulizi, mbinu, matokeo. Mjadala niliuruka.

Akainama kuutazama. Kisha:

"Inauma?"

Nikasema kidogo. Akavuta kiti, akakaa nyuma yangu. Akaniambia kwamba yeye kazi yake yote hufanyia ndani ya kijioo kidogo, kinywani mwa watu, na kwamba mwaka wa kwanza chuoni wote walikuwa wakigusa jino la upande mwingine. Kwamba kioo hugeuza ndilo jambo la kwanza walilofundishwa.

"Ungeniuliza tu."

"Ningekuuliza, ningekuonyesha."

Akacheka, nami nikacheka, ikauma. Mtu mmoja, katika watu wote ninaowajua, anaishi ndani ya kioo toka asubuhi hadi jioni, na huyo ndiye niliyemficha.

Akauliza gauni liko vipi nyuma. Nikasema liko wazi mpaka kiunoni, na kwamba kuna kitambaa. Hakunishauri. Alisema yeye atakuwa amesimama kando yangu, na kutoka kando mgongo hauonekani. Kwa hiyo uamuzi ni wangu na wa wageni. Nimegundua kwamba huyu mtu nampenda. Hitimisho hili nimelipima mara nyingi, linasimama.

Jumapili, 20 Julai

Nimeolewa. Bila kitambaa.

Kabla ya kutoka, mama alinipaka marhamu, na hakupaka tabaka jembamba kama alivyoagiza daktari. Alipaka kama anayepaka siagi mkate wa mgeni. Milango ikafunguliwa. Nilisimama pale na hewa ya ukumbi ikanigusa mahali ambapo hewa haikuwa imenigusa mbele za watu tangu nikiwa bwenini. Nilitaka kurudi. Nakiri hilo kwa ajili ya ukweli wa kumbukumbu. Miguu ikaenda mbele.

Sikusikia mtu akinong'ona. Labda walinong'ona; ukumbi ni mkubwa na muziki ulikuwa juu. Nilinyoosha mabega. Nilitembea taratibu kuliko tulivyofanya mazoezi, kwa makusudi, ili aliyekaa kiti cha mwisho naye apate muda wa kutosha. Nimewahi kutunukiwa shahada tatu mbele ya watu. Hakuna niliyoipokea nikiwa nimejinyoosha hivyo.

Kisha jambo ambalo sikulitarajia. Chini ya zile taa marhamu yaling'aa. Mgongo wote, kutoka begani hadi kiunoni, uliwaka kama shaba iliyosuguliwa, na mng'ao ukameza alama. Wanawake watatu walinifuata mezani kuuliza ni mafuta gani. Wa nne alikuwa Wifi. Alinizunguka polepole, kama fundi, ila bila pini.

"Wifi, umepaka nini?"

Nilimwangalia. Nilikuwa na majibu mawili, moja la kweli na moja la heshima yangu. Nikamwambia kwamba utafiti bado unaendelea, na si vyema kutoa matokeo kabla ya wakati.

Alhamisi, 24 Julai

Siku ya tano ya ndoa. Nyumba tulivu, alasiri. Nimepata nafasi ya kuandika tathmini.

Ngozi imebambuka karibu yote. Chini yake, sehemu za chini kushoto, pana weupe mzuri sana. Daktari atasema ni krimu yake ya siku saba za kwanza. Inawezekana. Lakini haiwezekani kulitenga hilo na athari ya papai, na mtafiti mwaminifu hawezi kuikataa ndimu kwa jaribio moja lililoharibiwa na jua. Kosa la kioo lilikuwa kosa la kusoma, si la mpango. Mpango ulikuwa mzuri. Nilipousoma upya leo niliona dosari moja tu ya kweli, na nimeshangaa kwamba sikuiona mapema: sampuli. Mgongo mmoja! Hakuna jarida ambalo lingeipokea kazi ya mgongo mmoja.

Sasa nyumba hii ina migongo miwili.

Wa mume wangu ni mpana, hauna alama ila mbili za zamani karibu na bega, na kwa sasa umelala kifudifudi mbele yangu baada ya kazi. Nimeandika herufi K kwa kalamu kwenye nusu ya kushoto na L kwenye ya kulia, juu ya ngozi yenyewe, ili kioo kisinidanganye tena. Hakuamka. Lakini maadili ni maadili, kwa hiyo nimeinama sikioni kwake na kumwomba ridhaa, kwa sentensi kamili, nikimweleza faida na hatari.

Amekoroma.

Naandika: hakukataa.