Mifuko Kumi ya Unga Juu ya Vallebruna

Jumatatu, 2 Juni 1913
Kitabu kimekamilika! Kurasa mia mbili. Vita vijavyo havitahitaji farasi wala askari wa miguu. Ndege zitamwaga mabomu mjini, raia watakata tamaa, serikali yao itaomba amani kabla ya chakula cha mchana. Meja Ghislanzoni wa kikosi cha farasi amesoma ukurasa mmoja. Akacheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Eti ndege yetu moja itamtisha nani, hata kuku wa uwanjani wameizoea. Wivu tu!

Jumatano, 4 Juni
Jenerali amekubali jaribio! Jumamosi, kijiji cha Vallebruna, mifuko kumi ya unga badala ya mabomu. Wanakijiji wakitimua mbio, kitabu kinakwenda Roma, kwenye wizara ya vita. Wasipokimbia, mimi nakwenda milimani kuchunga nyumbu wa jeshi, wale wabeba mizigo. Meja ndiye aliyependekeza nyumbu.

Ijumaa, 6 Juni
Mazoezi. Nililenga shuka jeupe uwanjani, nikapiga bafu la maofisa. Meja alikuwamo. Rubani wangu, Sajenti Calcaterra, akaniambia, “Afande, tupa mapema. Ukiliona lengo chini yako, umeshachelewa.” Sajenti anifundishe mimi? Mwandishi wa kitabu?

Jumamosi, 7 Juni
Mfuko wa kwanza, paa la kanisa. Wa pili, kisimani. Minane iliyobaki, katikati ya uwanja wa kijiji! Nikachungulia: watu wanakimbia! Nikapiga kelele za ushindi, nusura nidondoke.

Tulipotua nikagundua walikuwa wanakimbilia unga. Kwa mabeseni, kwa aproni, padri kwa kofia yake. Bibi Ermelinda, muuza kuku, akanishika mkono: “Mwanangu, Mungu akuzidishie. Kesho mtuletee jibini, lakini hiyo msiitupe, mje nayo polepole.” Kufikia adhuhuri kijiji kizima kilikuwa kinakanda tambi na kuimba. Jenerali, aliyekuja na Meja kutazama jaribio, akala sahani mbili. Meja akala tatu, akininyanyulia glasi ya divai kila tonge.

Jumatatu, 9 Juni
Barua ya uhamisho. Nyumbu arobaini.

Nimetafakari sana. Nadharia haina kosa hata moja. Kilichokosea ni kijiji. Nimemwandikia Jenerali kuomba ndege mia na mji mkubwa zaidi. Na safari hii tuwashambulie wakiwa wameshakula.