Mimi Peke Yangu Niliandika Corwith

Jumatatu, 10 Machi

Wiki yenyewe imefika! Tangu Krismasi naamka mapema kusoma matokeo ya mpira wa kikapu wa vyuo vyote, hata vile vya milimani ambako nadhani wachezaji ni wengi kuliko watazamaji. Mama anasema laiti ningesoma kemia hivi. Nikamjibu kwamba shule nilimaliza Desemba, kemia haina tena la kunifanya. (Nilimjibu moyoni. Kwa mdomo nilisema, ndiyo, Mama.)

Mambo yako hivi. Kila Machi Mzee Vernon Stuckey, sauti ya redio yetu hapa Harlan Fork, huwataka wasikilizaji watabiri timu za vyuo zitakazoitwa kwenye mashindano ya taifa, na namba ambayo kamati itaipa kila moja: kuanzia moja, wale wakali, hadi kumi na sita, wale wanaokwenda kupigwa. Mtabiri bora hukaa naye studio mashindano yote. Mwaka huu msaidizi wake amehamia Texas. Kwa hiyo kiti kinakuja na kazi!

Nikikikosa, Jumatatu ijayo naanza kuuza magodoro kwa Shangazi Darla. Mama ameshakubali kwa niaba yangu.

Najua watakachouliza watu. Msichana asiyeweza kuagiza soda bila kutetemeka atafanya nini redioni? Nimeliwaza hilo sana. Redioni hawakuoni. Kama kuna mahali duniani palipotengenezwa kwa ajili yangu, ni pale.

Mpinzani: Trent Bogle wa duka la matairi. Alipasha moto benchi la timu ya shule miaka yote, sasa anaongea kama yeye ndiye aliyeinua paa la ukumbi. Jioni alikuja kwenye boling, ule ukumbi wa kuangusha pini kwa tufe ninakofanya kazi, mimi nikiwa kaunta ya viatu vya kukodi, akaniuliza kwa sauti iliyofika njia ya mwisho ya tufe, "Maren! Ulimi bado umeumeza, au umeshateremka tumboni?" Wenzake wakacheka. Nikampa viatu vilivyokuwa bado vinanuka dawa. Hakujua kama hilo lilikuwa jibu.

Jumanne, 11 Machi

Nimepata! Nimepata jambo ambalo mji mzima hauna!

Kila mwaka kabla ya kuwania ubingwa wa ligi, kocha wa Tilden, chuo chetu, huwaleta vijana wake kwenye boling waangushe pini na kutoa woga. Leo walikuja, warefu kama nguzo za umeme, wote na sweta za kijani. Mfungaji wao, Isaiah Prewitt, alikuja kaunta wa mwisho. Akaomba kiatu cha kulia saizi kumi na tatu. Na cha kushoto, kumi na tano.

Nikamtazama mguu. Akaona nimeona. Akainama, akaninong'oneza kwamba kifundo kimeumuka kama andazi. Daktari anajua, kocha anajua, lakini timu nyingine zikijua zitamkanyaga hapo hapo. "Tafadhali, dada. Iishie hapa." Nikaitikia kwa kichwa. Ni mara ya kwanza kimya changu kumfaa mtu.

Kisha nikaanza kupiga hesabu. Isaiah hawezi kuruka. Bila Isaiah, Tilden hawachukui ubingwa. Ligi yetu ni ndogo, hupeleka bingwa wake tu kwenye mashindano ya taifa, basi. Bingwa atakuwa nani? Corwith! Wamepanda daraja juzijuzi, na wanakimbia kama watu walioacha chungu jikoni.

Harlan Fork yote itaandika Tilden. Wangeandika Tilden hata kama Tilden wangekuwa wachezaji watatu na mbuzi. Jumapili iliyopita mchungaji aliombea Tilden kwanza, wagonjwa baadaye.

Je, kutumia siri ni sawa na kuitoa? Nimejiuliza tangu chakula cha jioni. Sidhani. Sijamwambia mtu. Nitaandika jina la timu tu. Hata hivyo nusu yangu haijakubali, na ndiyo nusu ninayoiheshimu zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Nimepeleka utabiri. Mpango: kuusukuma chini ya mlango wa redio na kukimbia. Matokeo: Mzee Stuckey alifungua mlango nikiwa nimepiga magoti.

Aliusoma pale pale. Alipofika kwa Corwith alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, una hakika?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza kama nimesoma habari za Corwith zote, hadi chini kabisa, pamoja na zile za herufi ndogo. Nikasema ndiyo. (Nilisoma takwimu. Nani husoma herufi ndogo?) Akafungua mdomo, akaufunga, akasema yeye ni mwamuzi, hawezi kusema zaidi.

Ameogopa. Niliona dhahiri. Utabiri wangu umemtisha mtu aliyetangaza mpira tangu enzi za kaptura fupi!

Ila sikujua kwamba kila utabiri hubandikwa kwenye dirisha la chini la redio, linalotazama barabara. Kufika jioni kila mtu alishausoma. Mgahawani, mama mhudumu ambaye amenijua tangu meno ya maziwa aliniletea mkate wangu wa nyama ya nguruwe bila achari. Sikuuliza. Katika mji huu hiyo ni hotuba kamili.

Ijumaa, 14 Machi

Nusu fainali. Tilden wameshinda kwa kubahatika. Isaiah alirusha mipira miwili tu, tena akiwa amesimama kama anayening'iniza nguo kwenye kamba. Mtangazaji wa televisheni alisema kijana leo ana subira. Subira! Corwith katika mechi yao walishinda hadi ikawa aibu kutazama.

Fainali kesho: Tilden na Corwith.

Trent alikuja kaunta na bendera ya Corwith aliyoitengeneza kwa foronya. Akaitandika mbele yangu. "Karibu nyumbani, msaliti! Babu yako alifunga vikapu kwa Tilden. Anageuka kaburini kama kuku wa kuchoma!" Nilitaka kumjibu mambo mengi, na yote yalikuwa mazuri. Lililotoka ni, "Kesho." Nikalisema tena, kwa sababu la kwanza halikusikika.

Mama aliniuliza nyumbani kwa nini nimeandika Corwith. Hakuuliza kwa hasira. Alisema tu kwamba mimi si mtu wa kubisha bure. Nilimpenda sana wakati ule, na sikumwambia.

Jumamosi, 15 Machi

Sijui nianzie wapi.

Boling ilijaa watu wa kijani, njia zote zimezimwa, macho yote kwenye televisheni. Tilden walijitahidi. Isaiah alianguka mara moja, akainuka, akacheza. Niliona anavyolinda mguu ule, na moyo wangu ukafanya jambo la kunichanganya: ulitaka ashinde. Mkono wangu chini ya kaunta ulikuwa umekunja ngumi kwa ajili ya Corwith, na moyo ulikuwa upande wa pili. Nikakaa hivyo hadi mwisho, nimegawanyika kama mkate.

Corwith walishinda!

Mchungaji ameshika kichwa. Trent amejifunika uso kwa kofia yake, analia kweli, makamasi na yote. Nami nimejificha chini ya kaunta na chupa ya dawa ya viatu, nacheka bila sauti. Mimi peke yangu! Mji mzima wenye midomo, na mimi peke yangu!

Hapo mtangazaji akakohoa. Akasema tuwapongeze Corwith, lakini kama tunavyojua, chuo kilichopanda daraja husubiri miaka kadhaa kabla ya kuruhusiwa mashindano ya taifa, na Corwith bado wana miwili, huu na ujao. Kwa hiyo tiketi ya ligi inakwenda kwa timu iliyoongoza msimu. Yaani Tilden.

Kama tunavyojua! Nani alijua?

Wote walijua. Nilitazama nyuso zao, na ziling'aa polepole, kama watu waliosahau kwamba kuna keki jikoni. Kila mtu alikumbatia aliyekuwa karibu. Mchungaji alimbusu mpishi wa boling. Trent alipanda juu ya kaunta yangu na viatu vyake vya mitaani, akapiga kelele, "Tumepigwa na tunakwenda! Tumepigwa na tunakwenda!" Kisha akachungulia chini akaniona. Alinitazama kwa huruma. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote.

Nilirudi nyumbani nikatafuta. Msimu mzima kuna alama ndogo kando ya jina la Corwith kwenye msimamo wa ligi. Nilidhani ni uchafu wa uchapaji. Maelezo yake yako chini kabisa, kwa herufi ndogo.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada, na baada ya chakula cha pamoja ambako sikuweza kumeza hata saladi ya viazi ya Mama, tulipanda ghorofani kwenye redio, watabiri wote. Kamati ilianza kutaja majina saa kumi na mbili jioni, na Mzee Stuckey alisahihisha papo hapo, kalamu nyekundu mkononi.

Nilikuwa naongoza! Niliwapata wakubwa wote wanne waliopewa namba moja. Niliwapata hata wale wa mkiani ambao hakuna aliyewataka. Trent alikuwa nyuma yangu, anatafuna kofia. Kisha wakatangaza Tilden, namba kumi na tano, dhidi ya miamba wa namba mbili, Alhamisi. Kila mtu ndani ya chumba alikuwa na Tilden isipokuwa mimi. Trent akanipita hapo.

Kwenye televisheni walionyesha wachezaji wa Tilden wakirukaruka ukumbini kwao. Isaiah alikuwa anaruka kwa mguu mmoja. Watu waliona furaha. Mimi niliona kiatu.

Mzee Stuckey akanivuta kando kabla ya kufungua kipaza sauti. Alisema Trent ameshinda kiti na atakikalia, hilo halina mjadala. Lakini kazi ni yake yeye kumpa amtakaye. Anahitaji mtu anayeona wasichokiona wengine. Mji mzima uliona Tilden na mimi niliona Corwith. Nimweleze hewani nilijuaje. "Sababu ikiwa na kichwa na miguu, Jumatatu unaanza hapa. Usiogope, mjukuu wangu. Sema tu ulichokiona."

Nilikaa. Kipaza sauti kilikuwa karibu kuliko nilivyofikiri. Trent alikuwa kiti cha pili, akininyooshea dole gumba, na nadhani alimaanisha wema.

Mzee akauliza, na taa nyekundu ikawaka.

Nilikuwa na sababu. Ilikuwa nzuri, fupi, hakuna ambaye angeweza kuipinga. Kumi na tatu kulia, kumi na tano kushoto. Neno la kwanza lilishafika mdomoni. Kisha nikawaza Alhamisi. Makocha wa miamba wale wana masikio, au wana watu wenye masikio. Na nikawaza alivyoinama kwenye kaunta, mtu mrefu vile, kuniomba mimi.

Kimya cha redioni si kama kimya changu cha kila siku. Kina uzito. Unasikia kila jikoni ya mji ikikusubiri.

Nikasema, "Nilibahatisha."

Trent aliangua kicheko hadi kofia ikaanguka. Mzee Stuckey hakucheka. Alinitazama kwa muda, kama anayesoma herufi ndogo, kisha akawaambia wasikilizaji kwamba redio hii ina wabahatishaji wa kutosha, na mmoja wao, huyu hapa, ameshajipatia kiti. Kazi akampa Trent. Mlangoni alinishika bega, akasema pole. Nilitaka kumwambia. Nilitaka sana. Nikashuka ngazi.

Mama alikuwa amesikiliza. Alisema nina sauti nzuri redioni. Nikamwambia lilikuwa neno moja tu. Akasema, hilo hilo.

Jumatatu, 17 Machi

Magodoro.

Shangazi Darla amenipa kabrasha la masharti ya dhamana ya magodoro, akasema nisimkaribie mteja kabla sijalisoma hadi mwisho. Nimesoma ukurasa wa kwanza. Mengine yanaonekana kujirudia.

Nilikuwa nimeshakubali kwamba utabiri na mimi basi. Niliapa wakati wa kifungua kinywa. Lakini kabla ya adhuhuri akaingia mke wa kocha wa Tilden! Alijilaza kwenye godoro la bei ya juu, akafumba macho, akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama dhamana inafuata mtu akihamia jimbo lingine kabla ya kiangazi. Nikamwambia inafuata, bila kutetemeka hata kidogo. (Ukurasa wa kwanza haukatai.)

Akalinunua. Ni baada ya kuondoka kwake ndipo nilipoelewa alichoniambia. Wanahama! Kocha anaondoka, na Isaiah amebakiza mwaka mmoja chuoni. Hatabaki bila yeye. Mwakani Tilden wamekwisha, na Harlan Fork nzima itawaandika tena kwa upofu ule ule. Sitamwambia mtu. Nimeshachukua boksi tupu la mto na kuanza kupanga namba nyuma yake, na bingwa wa ligi yetu sikuhitaji hata kumfikiria.

Corwith.